Jibu: Wasifu wa LinkedIn unatazamwa, lakini hakuna anayepiga simu

Habari ndugu. Umesema wewe ni mhasibu hapo Kampala, wasifu wako unatazamwa kila wiki, ila hakuna mwajiri anayekuandikia.

Anza na mstari ulio chini ya jina lako. Umeandika "Natafuta kazi yoyote". Hakuna mwajiri anayetafuta maneno hayo. Anaandika "mhasibu", "EFRIS" (mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, Mamlaka ya Mapato Uganda), "QuickBooks" (programu ya uhasibu). Una nafasi ya herufi 220, ila kwenye simu mstari hukatwa mapema, kwa hiyo cheo kitangulie: "Mhasibu | Ritani za VAT na PAYE, EFRIS, QuickBooks | CPA hatua ya pili" (VAT na PAYE ni kodi, ritani ni taarifa zake, na CPA ni mitihani ya uhasibu). Kama matangazo ya kazi unazozitaka yako kwa Kiingereza, na mengi ndivyo yalivyo, mstari huo uandike kwa Kiingereza.

Kisha sehemu ya uzoefu. "Nilishughulikia hesabu" haisemi kitu. Taja ulichofanya na kiasi chake: ankara ngapi kwa mwezi, matawi mangapi, ritani za URA ulizowasilisha kabla ya tarehe 15. Usiongeze chumvi, maana kwenye usaili utaulizwa hizohizo.

Mahali uweke Kampala. Uganda peke yake haitoshi, kwani waajiri huchuja kwa mji.

Ile alama ya kutafuta kazi ("Open to Work") unaweza kuiwasha ionekane kwa waajiri tu. Lakini kama bado una kazi, tahadhari: LinkedIn yenyewe haikuhakikishii kwamba bosi wako hataiona.

Picha? Ya simu inatosha, uso ukiwa na mwanga.