Ukienda Marfa kwa muziki na sanaa, chagua siku kabla ya kuchagua msanii

Watu wanaoniuliza kuhusu Marfa karibu wote huanza na swali moja: nani anapiga mwezi huu? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kwa mji huu wa jangwani, magharibi mwa Texas, wenye wakazi wasiofika 2,000, la kwanza kujua ni utafika siku gani na utalala usiku mingapi. Jina la msanii lije baadaye. Nimewahi kwenda kwa ajili ya bendi ninayoipenda, na nimewahi kwenda bila kujua kama kuna onyesho lolote. Safari za aina ya pili ndizo zilizonipa muziki ninaoukumbuka mpaka leo.

Marfa hulala mwanzoni mwa wiki. Makumbusho, kumbi na migahawa mingi hufanya kazi kuanzia katikati ya wiki hadi Jumapili. Ukifika Jumatatu utakuta barabara pana, milango iliyofungwa na treni ya mizigo inayokatiza mji ikipiga honi. Kuna wanaoupenda ukimya huo, nami ni mmoja wao, lakini mtu aliyesafiri kutoka mbali kwa ajili ya sanaa atasononeka. Fika Alhamisi mchana na uondoke Jumatatu asubuhi. Siku mbili hazitoshi, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwanza njia. Hakuna ndege ya abiria ya ratiba inayotua Marfa. Watu hushuka El Paso au Midland, kisha huendesha gari kwa saa tatu hivi. Treni ya Amtrak husimama Alpine, umbali wa kilomita 42 hivi, na haipiti kila siku. Ukitokea El Paso, zingatia mambo matatu. Jaza tangi Van Horn, maana baada ya hapo barabara ya 90 ni nyika tupu hadi mjini. Saa ya El Paso iko nyuma ya saa ya Marfa kwa saa moja nzima, na onyesho la saa mbili usiku halitakusubiri wewe urekebishe saa yako. Tatu, ukiwa si raia wa Marekani, weka pasipoti au kadi yako ya ukaazi mahali pa karibu: karibu na Sierra Blanca kuna kizuizi cha maofisa wa mpakani na magari yote husimamishwa. Huulizwa swali moja au mawili, unapita. Usiende huko mikono mitupu.

Njiani utaona Prada Marfa, duka la mfano la chapa ya mavazi ya Prada, lililojengwa na wasanii Elmgreen na Dragset mwaka 2005 pembeni ya barabara karibu na Valentine. Mlango wake haufunguki wala hakuna kinachouzwa. Dakika kumi zinatosha. Bado una kilomita 60 hivi kufika mjini, na kilicho bora kiko mbele.

Kilicho bora, kwangu mimi, ni maghala mawili ya Chinati, makumbusho ya sanaa. Donald Judd, msanii wa New York, alihamia Marfa miaka ya 1970 akitafuta mahali ambapo kazi zinaweza kukaa moja kwa moja bila kuhamishwa kila maonyesho yanapobadilika. Alichukua kambi ya jeshi iliyoachwa, Fort D. A. Russell, na mwaka 1986 taasisi ya Chinati ikafungua milango yake hapo. Katika maghala mawili ya zamani ya mizinga kuna makasha 100 ya alumini, yote ya kipimo kimoja kwa nje, kila moja likiwa limegawanywa tofauti kwa ndani. Judd aling'oa milango mikubwa ya pembeni akaweka vioo. Ukutani bado kuna maandishi ya Kijerumani, kumbukumbu ya wafungwa wa vita waliowekwa hapo wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Ukiingia adhuhuri utaona vyuma. Ukiingia jua likiwa chini, kasha moja linawaka rangi ya chungwa, la jirani limemeza nyasi na mbingu za nje, na la tatu limepotea kabisa, huoni kingo zake. Mwanga ukisogea kidogo, yote yanabadilishana nafasi. Ndiyo maana nasema siku mbili hazitoshi: ghala hizi zinataka kuonwa zaidi ya mara moja, kwa saa tofauti, na ziara lazima uiwekee nafasi mapema. Ukilazimika kuchagua, chukua ile iliyo karibu zaidi na asubuhi au jioni. Kisha tembea kwa miguu kwenye kazi 15 za zege zilizopangwa nyikani kwa urefu wa kilomita moja. Vaa kofia na viatu vilivyofunika vidole. Majengo sita ya zamani ya kulala askari yenye taa za msanii Dan Flavin, pinki, kijani, njano na buluu, ziache mwisho, macho yakiwa yameshatulia.

Sasa muziki. Ballroom Marfa, taasisi ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 2003, imo ndani ya jengo la ukumbi wa dansi wa mwaka 1927, na toka mwanzo imechanganya sanaa za kuona, filamu na muziki. Ndiyo iliyoshirikiana na kampuni ya kutoa santuri ya Mexican Summer kuandaa tamasha la Marfa Myths lililoanza mwaka 2014. Ndiyo pia iliyomwezesha msanii Haroon Mirza mwaka 2018 kusimamisha duara la mawe nyikani, lililotumia nguvu ya jua kutoa sauti na mwanga usiku wa mwezi mpevu. Maonyesho ya Marfa mara nyingi ni madogo hivi kwamba unasikia mpiga gitaa akivuta pumzi. Mtu anayetengeneza mlio mmoja mrefu wa sauti, ambao mjini mkubwa ungezama kwenye kelele za baa, hapa anapata masikio yote ya chumba. Simu iwe kimya kabisa. Ukimpenda mwanamuziki, nunua santuri yake pale pale mkononi mwake. Amesafiri mbali kama wewe.

Kujua kinachoendelea, sikiliza redio ya umma ya Marfa, 93.5 FM, na usome gazeti la Big Bend Sentinel. Matangazo mengine yanabandikwa dirishani tu, siku moja au mbili kabla.

Lakini kuna muziki mwingine ambao wageni wa sanaa huupita, na hilo linaniuma. Wakazi wengi wa Marfa ni Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na muziki wao ni conjunto: kodiani, bajo sexto (gitaa la nyuzi 12) na mguu usiotulia. Kwa desturi, wikiendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, mji huwa na sherehe yake yenyewe, na watu hucheza dansi nje karibu na jengo la mahakama la mwaka 1886. Babu anacheza na mjukuu, mabinti wanacheza na mama zao. Nenda. Ukikaribishwa kucheza, cheza.

Kabla ya kwenda huko, pita Blackwell School. Jengo lake la matofali ya udongo ni la mwaka 1909, na watoto wenye asili ya Meksiko walisomeshwa humo peke yao hadi mwaka 1965. Mwaka 1954 wanafunzi walilazimishwa kuandika maneno kwenye vipande vya karatasi na kuyafanyia mazishi, ili Kihispania kisisemwe tena shuleni. Mwaka 2022 sheria ilipitishwa kulifanya eneo la kihistoria la taifa. Nilipousikia umati ukiimba kwa Kihispania kwenye uwanja wa mahakama baada ya kuiona shule ile, nilielewa kwa nini waliimba kwa sauti kubwa namna ile.

Kuhusu malazi: vyumba ni vichache, na mwezi Oktoba, wakati wa Chinati Weekend, wikiendi ya sherehe za Chinati, hujaa miezi kabla. Ukikosa chumba mjini, kuna Alpine na Fort Davis, ila kurudi huko usiku baada ya onyesho kunataka uangalifu. Barabara hazina taa, wilaya hizo zimelinda giza la anga lao, na kulungu na nguruwe pori hukatiza bila taarifa. Punguza mwendo. Mji uko juu ya mita 1,400, kwa hiyo hata siku ya joto kali, saa tatu usiku utatamani koti. Lichukue kwenye kila onyesho la nje, hata kama mchana ulikuwa unatiririka jasho.