Nimeongeza memori, sasa kompyuta inalia tu

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika, ina memori ya GB 4. Mwanangu anaitumia kusomea na inajikokota mno, nikanunua kipande cha pili cha GB 8 kwa bei ya chini sana. Kimeingia vizuri, lakini nikiwasha, feni inazunguka, mashine inalia pii-pii na skrini inabaki nyeusi. Nikikitoa, inawaka kama zamani. Cha zamani kimeandikwa PC3-12800U, kipya 2Rx4 PC3-12800R. Je, nimeunguza madabodi, ile bodi kuu ya mashine?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Ondoa hofu. Mashine ikiwaka bila kile kipande, madabodi ni nzima. Na umenisaidia sana kunakili lebo, maana tatizo lako liko kwenye ile herufi ya mwisho.

PC3 ni DDR3, yaani kizazi cha tatu cha memori za DDR, na 12800 ni kasi yake. Hapo vipande vyako vinafanana. Lakini U ni memori ya kompyuta za kawaida, na R ni memori ya seva, zile kompyuta za kuhudumia kompyuta nyingine kwenye mtandao. Kitazame kile kipya: katikati ya safu ya chipu kuna chipu nyingine, tofauti na zenzake. Hiyo hupokea maagizo kutoka kwa prosesa na kuyagawa kwa chipu za memori, na kompyuta ya nyumbani haijui kuzungumza nayo. Kinachowaponza watu ni kwamba aina zote mbili za DDR3 zina meno 240 na mkato mahali palepale, kwa hiyo kinaingia bila shida yoyote. Seva zikistaafishwa, memori zake huuzwa rahisi, ndiyo maana ulikipata kwa bei ile. Kirudishe dukani, useme hivi: "Nataka DDR3 ya mezani, GB 8, 2Rx8, PC3-12800U." Hiyo 2Rx8 ni mpangilio wa chipu kwenye kipande. Usikubali yenye S mwishoni, hiyo ni ya laptopu. Kabla ya kulipa, hakikisha modeli ya mashine yako inakubali kipande cha GB 8.

Ukikipata, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliosalia uishe. Gusa bati la kasha kabla ya kushika memori, na uishike kingoni. Linganisha mkato na sloti, halafu kandamiza kwa dole gumba kila upande mpaka vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio wa "ta". Hapa wengi huogopa kutia nguvu. Nimeletewa mashine nyingi zilizodhaniwa zimekufa, kumbe memori imeingia nusu: ukiinama na tochi unaona mstari mwembamba wa dhahabu umechungulia juu ya sloti upande mmoja.

Ikilia tena, toa vyote viwili, ujaribu kimoja kimoja kwenye sloti ileile, halafu kwenye nyingine. Kikigoma kila sloti, kipande ni kibovu. Vyote vikigoma sloti moja, sloti ndiyo mbovu. Meno yaliyofifia yasugue taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, upanguse vumbi lake. Usipulize kwa mdomo, mate yataleta kutu.

Ikiwaka lakini Windows ikaonyesha GB 3 na kitu tu za kutumika, usimlaumu muuzaji. Hiyo ni Windows ya biti 32, ambayo kwa kompyuta za nyumbani haivuki GB 4. Utahitaji kuweka ya biti 64, na kwanza hamisha picha na kazi za mtoto kwenye diski nyingine.

Mwisho, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, uruhusu mashine ijiwashe upya ipime memori. Ikitaja kosa hata moja, rudisha kipande siku hiyohiyo, risiti ikiwa bado mkononi.