Usikisage kidonge cha mofini kinachofanya kazi kwa saa 12

Dada, pole na kuuguza. Umeuliza kama unaweza kumsagia mama kidonge chake cha mofini, ile dawa ya maumivu makali, umtilie kwenye uji wa uwele, maana kumeza kunamshinda. Hapana, usikisage kabisa! Kile kimetengenezwa kiachie dawa kidogo kidogo kwa saa 12. Ukikiponda, dozi ya nusu siku inaingia mwilini kwa mkupuo, na mofini ikizidi pumzi hupungua hadi mtu asiamke.

Mrudieni daktari leo leo, mwambieni kumeza kumekuwa shida. Ipo mofini ya maji, ila hiyo kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4. Hesabu ya kubadilisha dozi waachie wao. Na msikatishe dawa ghafla, mwili ukishaizoea hupunguzwa taratibu.

Mimi nilimuuguza baba huku Chamwino. Usingizi wa siku za mwanzo ulipita, kilichomtesa ni choo. Siku tano hakuna kitu, tumbo gumu kama ngoma, na mlenda wote ule haukufua dafu. Kumbe dawa ya kulainisha choo ilitakiwa ianze pamoja na mofini, sisi hatukuambiwa. Ulizia hiyo.

Wanaokwambia mofini ni dawa ya kufia, waache na yao. Baba alikaa tena kibarazani akicheza bao.

Ila mama akilala ukamtikisa asiamke, au akipumua kwa nadra sana, usisubiri dozi ijayo, kimbiza hospitali.