Tazama mikono: kwa mnaoanza kutengeneza filamu za mapenzi

Wadogo zangu, mwaka wangu wa tatu katika uhariri wa filamu nilikesha na sini moja, yaani tukio moja la filamu, iliyokataa kukaa sawa. Mume amerudi kutoka machimboni Mererani baada ya miaka miwili ya kimya, hakupiga simu wala kutuma salamu. Mke kamkaribisha ndani, kamwekea chai mezani. Skripti ilikuwa na kurasa tatu za maneno: ulinisahau, sikukusahau, bado nakupenda, nami bado nakupenda. Waigizaji walijua kazi yao, taa zimekaa vizuri, sauti safi, lakini ukiitazama haikugusi popote.

Karibu na alfajiri nikaanza kupitia vipande ambavyo kwa kawaida tunavitupa, vile vya baada ya muongozaji kusema "kata" na mpiga picha kuchelewa kuzima kamera. Katika kimoja yule dada bado yumo ndani ya mhusika wake. Anavuta bakuli la sukari. Anatia kijiko kimoja kwenye kikombe cha mwenzake, anatia cha pili, anasita, anatia cha tatu. Anakoroga taratibu, anakisogeza kikombe mbele ya mumewe, na usoni hamtazami.

Niliziondoa kurasa zote tatu. Mke aliyeachwa miaka miwili bado anakumbuka mumewe hunywa chai ya vijiko vitatu. Mtazamaji ataambiwa nini zaidi ya hapo?

Tangu siku ile filamu za mapenzi nazisoma kwa njia moja. Naitazama mara ya kwanza kama watu wote, halafu nazima sauti, naangalia mikono tu. Fanyeni hivyo kabla hamjashika kamera. Chagueni filamu tano au sita ambazo watu hawajazisahau kwa miaka mingi, mzipitie mikono kwa mikono.

Mimi huwaanzishia wanafunzi wangu na City Lights ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1931. Mzururaji fukara anampenda binti kipofu anayeuza maua, na binti anaamini huyu bwana ni tajiri. Jamaa anahangaika mpaka anapata fedha za matibabu ya macho, kisha anafungwa kwa ajili ya fedha hizo hizo. Anatoka jela nguo zimechanika. Binti sasa anaona, ana duka lake la maua, na kupitia kioo anamcheka yule maskini aliyesimama nje kumkodolea macho. Kwa huruma anatoka kumpa ua na sarafu. Anamshika mkono ili amtie sarafu kiganjani, na hapo vidole vyake vinamtambua kabla ya macho. Mkono unapanda taratibu mpaka kwenye kola ya koti. Maneno yanayoandikwa kwenye kioo cha sinema ni machache mno, na filamu inaishia kwenye uso wa yule bwana. Hakuna busu, wala hatuonyeshwi kama wataoana.

Sasa sikilizeni upande wa kazi. Sini iliyomtesa Chaplin ilikuwa ile ya mwanzo, ya binti kukutana na mzururaji. Aliirudia zaidi ya mara 300. Tatizo lilikuwa dogo kulisema na gumu kulitatua: kipofu atajuaje, au atadhanije, kwamba mtu aliyesimama mbele yake ni tajiri? Jibu lilikuja kuwa mlango wa gari. Magari yamejazana barabarani, mzururaji anakatiza kwa kuingia ndani ya gari la kifahari lililosimama na kutokea mlango wa upande wa pili, mbele ya binti. Binti anasikia mlango ukifungwa. Baadaye mwenye gari anakuja, mlango unafungwa tena, gari linaondoka, na binti anadhani mteja wake ameenda bila kungoja chenji. Hii ni filamu isiyo na mazungumzo, na sauti ambayo mtazamaji haisikii ndiyo inayobeba hadithi nzima. Ukiona una haraka ya kufika kwenye kukumbatiana, kumbuka kwamba mtu huyu alikaa miezi na mlango wa gari.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mwandishi mgeni kwenye fani huisikia methali hii akakimbilia kuandika kikohozi. Anamfanya kijana atamke, binti atamke, mvua inyeshe, wimbo upigwe. Lakini anayekohoa hovyo hatuvutii. Anayetushika ni yule anayejizuia kukohoa msikitini, uso unamwiva, mabega yanatikisika. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno la kwanza, jibu swali hili kwenye karatasi: ni nini kinachowazuia watu hawa wawili wasiseme? Kama huna jibu, bado huna sini.

Brief Encounter ya David Lean, ya mwaka 1945, ina jibu linaloumiza. Laura ana mume na watoto, Alec ni daktari naye ana familia. Wanajuana kwenye stesheni ya treni kwa sababu chembe ya uchafu imemwingia mama jichoni na daktari akaitoa. Wanaonana siku za Alhamisi. Wanapendana, na wote wawili ni watu wenye heshima zao. Siku ya kuagana kabisa wamekaa kwenye mkahawa wa stesheni, zimebaki dakika chache, na ghafla anaingia mama mmoja anayefahamiana na Laura, msemaji sana, anaketi mezani kwao na kuanza soga. Hawawezi kuagana tena. Kengele ya treni inalia, Alec anasimama, na anachoweza kufanya ni kumwekea Laura mkono begani, kuubana kidogo, na kwenda zake.

Lean aliiweka sini hii mara mbili. Filamu inapoanza tunaiona bila kujua hao ni nani: bwana mmoja anamgusa mama begani, anatoka, basi. Ikirudi mwishoni tunajua kila kitu, na mguso ule ule unakukaba koo. Kamera haikuhitaji kuongeza jambo. Hapa ndipo naipenda kazi ya uhariri kuliko kazi yoyote duniani, kwa sababu shoti, kile kipande kimoja cha picha, ina uzito wa kile kilichotangulia mbele yake. Mkijifunza hilo mapema mtaokoa fedha nyingi za kushuti.

Wenye asili ya Pwani watakuwa wameshajiuliza kwa nini sijafika India, maana wazee wetu wa Unguja, Mombasa na Tanga walijaza majumba ya sinema kwa picha za Kihindi. Tafuteni Mughal-e-Azam ya K. Asif, ya mwaka 1960. Mwanamfalme Salim anampenda Anarkali, mcheza ngoma wa ikulu, na baba mtu ni mfalme Akbar mwenyewe. Usiku wakiwa bustanini, kwa mbali inasikika sauti ya mwimbaji wa ikulu, ambayo kwa kweli ni ya gwiji Bade Ghulam Ali Khan. Salim anampitishia Anarkali unyoya mweupe usoni. Unyoya unagusa shavu, kidevu, unapita karibu na midomo, kisha unawafunika. Wamekaa wamevaa nguo zao zote, na wengi wanaiita moja ya sini za mapenzi zenye joto kuliko zote katika sinema ya India. Dilip Kumar na Madhubala, waliocheza Salim na Anarkali, waliwahi kupendana kweli nje ya kamera, na walipoishuti sini hiyo walikuwa wameachana, hawasemeshani. Maana yake hisia ile iliundwa kwa kazi: taa, uso, unyoya, muziki, na waigizaji wawili walioheshimu kazi yao.

Nimeutaja unyoya kwa makusudi. Wageni wengi kwenye fani hunilalamikia kwamba kwetu huwezi kutengeneza filamu nzuri ya mapenzi kwa sababu kuna Bodi ya Filamu, kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kuna wazazi sebuleni. Ruhusa ombeni, skripti pelekeni, madaraja ya umri yaheshimuni. Lakini nawaambia kwa moyo mweupe, mipaka hiyo haijawahi kuua sini yoyote niliyoihariri. Zilizokufa ziliuliwa na skripti isiyo na kizuizi.

Na vizuizi vyetu tunavyo tele. Tazameni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka ule ule. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyemkimbia mume mzee, Denge ni kijana anayepambana na Waingereza, mahali ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Rangi, ndoa, mkoloni, mtaa mzima unaochungulia. Hakuna haja ya kuazima kizuizi kutoka nchi ya watu.

Dilwale Dulhania Le Jayenge, picha ya Kihindi ya mwaka 1995 kuhusu wapenzi Raj na Simran, mnaijua, sitaisimulia. Ninachotaka mwone ni kwamba Raj anakataa kumtorosha Simran, anataka apewe na baba yake. Sisi tunaojua maana ya posa tunaelewa mara moja. Ndiyo maana mwishoni, treni inapoanza kuondoka, mkono wa kutazama ni wa baba aliyemshika bintiye kifundo cha mkono. Siku vidole vile vilipofunguka, watu walilia, na pale Mumbai ukumbi wa Maratha Mandir uliendelea kuionyesha filamu hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Kuhusu bajeti nitasema kidogo. Sini ya kuagana uwanja wa ndege katika Casablanca, ya mwaka 1942, ilipigwa ndani ya studio. Ndege ya nyuma ilikuwa ya kuundwa, ndogo kuliko ndege halisi, wakasimamisha watu wafupi wajifanye mafundi ili ionekane kubwa, wakajaza ukungu kuficha kasoro. Nani aliitazama ndege? Tuliangalia macho ya Ingrid Bergman.

Lipo jambo ambalo ningependa lingeandikwa kwa wino mwekundu. Niliwahi kufika lokesheni moja ambako binti mgeni kwenye fani aliambiwa asubuhi ile ile kwamba kuna sini ya chumbani. Hakuwa ameelezwa kabla. Aliogopa kupoteza nafasi, akakubali. Nilipopokea picha, katika kila teki, yaani kila mara sini iliporudiwa mbele ya kamera, bega lake lilikuwa limekaza kama ubao, na macho yanatafuta mlango. Nilikataa kuzitumia, lakini nilipaswa kusema pale pale seti, na sikusema. Bado linaniuma.

Huko Marekani, tangu mwaka 2018, kampuni ya televisheni ya HBO ilianza kuweka mtu maalumu wa kusimamia sini za faragha, na wengine wakafuata. Sisi tusio na fedha za kuajiri mtu huyo tunaweza kufanya yale yale bure. Mwite mwigizaji siku kadhaa kabla, msome sini pamoja, mwafikiane mkono unagusa wapi na hauvuki wapi, myaandike, kila mmoja abaki na nakala. Siku ya kushuti wabaki watu wanaohitajika tu, na mwigizaji awe na ndugu au rafiki anayemwamini hapo jirani. Akisema hapana katikati ya kazi, ni hapana, na asinuniwe. Mwili ulioogopa hauigizi mapenzi, na kamera huona hofu haraka kuliko sisi.

Muziki wekeni mwishoni kabisa. Hariri sini ikiwa kavu, uisikie ikipumua. Ikikuchosha bila wimbo, tatizo liko kwenye sini, na wimbo utalifunika tu. Tena rekodini sauti ya chumba kikiwa kimya, nusu dakika inatosha: feni, jogoo wa jirani, pikipiki inayopita mbali. Sini za mapenzi zina ukimya mwingi, na bila sauti hiyo ukimya unakuwa shimo.

Zoezi la wiki hii ni rahisi. Watu wawili, meza, chai, simu yako ya mkononi. Mmoja ana habari ambayo hawezi kumwambia mwenzake. Wasizungumze kabisa, wapewe dakika tatu. Wewe kaa kimya, kamera iwe juu ya mikono, na usiwe mwepesi wa kusema "kata." Ukiona yameisha, hesabu moyoni mpaka kumi ndipo useme. Yule dada alitia kijiko cha tatu kwenye sekunde ya nane.