Tiketi haijakosewa, ni upepo

Ndugu, umeuliza kwa nini London hadi New York umeandikiwa saa 8 za kuruka lakini kurudi ni 7 tu. Umbali ni uleule, kama kilomita 5,550. Tatizo ni upepo mkali wa juu angani unaovuma kutoka magharibi: ukienda mnapambana nao, ukirudi unawasukuma. Majira ya baridi ndiyo balaa, tofauti huzidi.

Ila angalia saa za kwenye tiketi, kila moja ni ya mji wake. Ukiondoka London saa 5 asubuhi ukatua New York saa 8 mchana, hujasafiri saa 3. Jumlisha saa 5 ambazo New York iko nyuma ya London. Foleni ya uhamiaji haimo humo, usipange miadi ya saa 9.