Usiweke mawingu: ushauri kwa wanaochora upya picha za kale za mandhari

Mchoro wangu wa kwanza wa aina hii niliuharibu kwa mawingu. Nilikuwa nanakili kwa rangi za mafuta picha ya mpiga picha Mmarekani Carleton Watkins ya bonde la Yosemite, California, ile aliyoipiga kwenye mwaka 1865 au 1866, yenye msonobari mmoja mbele na mlima wa Half Dome kwa mbali. Kwa wiki tatu kazi ilikwenda vizuri. Miamba ilikaa, miti ilikaa. Juu kukabaki weupe mtupu, nami nikaona haya kuning'iniza kanvasi iliyoachwa wazi sehemu kubwa namna ile. Nikaweka mawingu mazuri kabisa. Niliporudi nyuma hatua kumi kuitazama, bonde lilikuwa limenywea. Jicho lilikimbilia mawinguni na halikutaka kushuka.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma jinsi picha zile zilivyopigwa, na ningependa wewe uanzie huko kabla hujashika brashi. Njia ya kolodioni, aliyoitangaza Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilimtaka mpiga picha apake bamba la kioo kolodioni, kimiminika kinachonata, alichovye kwenye maji ya chumvi ya fedha, apige picha, kisha alisafishe papo hapo likiwa bado bichi. Watkins alifanya hayo milimani, hema likiwa chumba chake cha giza, kwa mabamba ya takriban sentimita 46 kwa 56, mizigo yote ikibebwa na nyumbu. Sasa sikiliza jambo lenye uzito kwa mchoraji: kemikali ile ilihisi mwanga wa samawati na zambarau, lakini nyekundu na kijani karibu haikuziona. Kwa hiyo anga la samawati lilitoka jeupe, na majani yakatoka meusi kuliko tunavyoyaona kwa macho. Weupe ule wa juu si pengo linalokungoja ulijaze. Ni anga lenyewe, kama kioo kilivyolipokea.

Wapiga picha wenyewe walihangaika nalo. Gustave Le Gray, Ufaransa, katika miaka ya 1850 alipiga bahari kwenye bamba moja na mawingu kwenye jingine, akayaunganisha kwenye karatasi. Ukichora kazi yake, basi mawingu ni haki yako, kwa sababu aliyaweka yeye. Na mwaka 1927 mpiga picha Mmarekani Ansel Adams aliipiga Half Dome ile ile kwa kichujio chekundu mbele ya lenzi, anga likatoka karibu jeusi. Mlima mmoja, anga mbili zinazopingana kabisa. Ukizifanya zote mbili kijivu cha wastani kwa sababu ndicho kinachopendeza ukutani, umewafuta wote wawili.

(Nikimtaja Adams, niseme na hili: alifariki 1984, na picha zake nyingi bado zina hakimiliki. Kuzichora kwa mkono hakukupi ruhusa ya kuziuza. Zile alizoipigia serikali ya Marekani mwaka 1941 na 1942 katika hifadhi za taifa ziko wazi kwa kila mtu. Za Watkins nazo ziko wazi.)

Tafuta nakala kubwa uwezavyo. Maktaba ya Bunge la Marekani inatoa bure mafaili makubwa ya picha nyingi za wakati huo. Usichore kutoka kwenye picha ndogo ya simu, maana utaanza kubuni, na ukishaanza kubuni jiwe moja utabuni yote.

Kwenye rangi, mimi situmii nyeusi ya kwenye tyubu. Nachanganya bluu ya altramarini na hudhurungi ya amba iliyochomwa, kisha naipandisha kwa nyeupe hadi nipate ngazi tisa, nazipanga kwa safu kwenye kipande cha kioo kabla sijagusa kanvasi. Halafu nachukua kadi ya kijivu yenye kitundu cha ukubwa wa punje ya mchele. Naiweka juu ya picha, natazama kilicho kitunduni peke yake, nakifananisha na ngazi zangu. Mara ya kwanza nilipoiweka juu ya maporomoko ya maji nilishtuka. Maji niliyokuwa nikiyaona meupe pe yalikuwa ngazi ya tatu, kijivu kabisa. Yaling'aa kwa sababu mwamba wa pembeni ulikuwa mweusi.

Maji hayohayo usiyarushie matone. Bamba liliachwa wazi kwa sekunde kadhaa au zaidi, maji yakapita, kikabaki kitu kama shuka iliyotundikwa. Majani yaliyotikiswa na upepo nayo yaache na ukungu wake. Na watu, kama wapo, wabaki wadogo. Katika picha ya mpiga picha Timothy O'Sullivan ya korongo la Canyon de Chelly, Arizona, ya mwaka 1873, waliosimama penye magofu ni wadogo kama sisimizi chini ya ukuta ule wenye michirizi, na ukiwakuza kidogo tu ili waonekane, mwamba wote unaporomoka.

Anga jeupe lenyewe lipake kwa tabaka tatu nyembamba. Nyeupe, chembe ya manjano ya udongo, na kijivu kidogo sana kuelekea pembeni. Liache likauke kati ya tabaka na tabaka, hata kama ni wiki nzima. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko miamba yote, nami huipa muda kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kanvasi yangu ya kwanza bado ninayo. Niliyasugua mawingu kwa msasa, nikapaka anga upya mara nne. Jua la jioni likiipiga kwa ubavu, matuta ya brashi bado yanaonekana.