Kabla Hujalipia Kipimo Kingine

Mwanza ya leo huhitaji kwenda mbali kupima. Ukipanda daladala kutoka Igoma hadi mjini unapita maabara baada ya maabara, na nyingi zimeandika mlangoni: malaria, taifodi, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), vidonda vya tumbo, sukari, homa ya ini. Unaingia, unalipa, unatolewa damu, na muda si mrefu karatasi iko mkononi. Mara nyingi hakuna anayekuuliza kwanza unaumwa nini. Kwa mtu ambaye hana hofu ya maradhi, huo ni urahisi. Kwa sisi tunaoishi na hofu hiyo, urahisi huo unaweza kututesa kwa miaka.

Dalili zangu zilikuwa za kweli. Nalisema hili mapema, maana watu wakisikia neno wasiwasi wanadhani mgonjwa anajisingizia. Tumbo lilisokota, vidole vilikufa ganzi, moyo ulikwenda mbio nikiwa nimekaa tu, na usiku niliamka nikiwa na hakika kwamba kuna kitu ndani kinaniua polepole. Nikapima malaria, haikuonekana. Nikapima taifodi, nikaambiwa ipo. Nikamaliza dozi, ganzi ikabaki palepale. Maabara nyingine ikasema ni UTI, nyingine ikasema bakteria wa vidonda vya tumbo. Kila karatasi ilileta ugonjwa mpya na antibiotiki mpya, ikanipa na utulivu wa muda mfupi, kisha hofu ikarudi na swali jingine.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja mtu mzima. Aliniomba nilete karatasi zote, akazitandaza mezani, akazisoma moja baada ya nyingine bila kunikatisha tamaa. Aliyonieleza siku ile nayaandika hapa kwa sababu kila mkazi wa kanda hii anastahili kuyajua kabla hajafungua pochi.

Kipimo cha taifodi tunachopimwa wengi, kile cha Widal, hakimwoni mdudu. Kinatafuta kinga ambayo mwili uliwahi kutengeneza. Katika maeneo ambako taifodi ipo, mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na kinga hiyo kwa sababu alikutana na vijidudu hivyo zamani, au alikutana na vingine vinavyofanana navyo. Jibu moja la Widal halitoshi kusema unaumwa taifodi leo. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara, nacho huchukua siku kadhaa. Kipimo cha damu cha bakteria wa vidonda vya tumbo kina tatizo hilohilo: kinaweza kuendelea kusema ndiyo muda mrefu baada ya kutibiwa. Ukitaka kujua kama bakteria wapo sasa, kipimo cha choo kinafaa zaidi. Hata wakiwepo, watu wengi wanao na hawaugui vidonda maisha yao yote. Usaha kidogo au bakteria kwenye mkojo wa mtu asiyesikia maumivu wala kwenda haja mara kwa mara, kwa kawaida si sababu ya kunywa antibiotiki. Mjamzito ni tofauti, yeye hutibiwa. Na kile kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki na mistari miwili, yaani kusema malaria ipo, kwa wiki kadhaa baada ya malaria yenyewe kwisha.

Halafu akanionyesha zile namba zenye alama ya juu au chini kwenye karatasi za damu, ambazo zilikuwa zikininyima usingizi. Viwango vya kawaida vya vipimo vingi vimewekwa ili watu wazima wa afya 95 kati ya 100 waangukie ndani yake. Maana yake watano kati ya kila mia wataonekana nje, wala hawana ugonjwa wowote. Sasa chukua mtu mzima wa afya, mpime vitu 20 visivyohusiana: uwezekano wa angalau kimoja kutoka na alama ni kama asilimia 64. Ndiyo maana zile paketi za kupima mwili mzima zinamfaa sana muuzaji na zinamwumiza mtu mwenye hofu. Kipimo kisicho na swali ni kama kokoro, ule wavu wa kukokota: halichagui, na kila ukilivuta halikosi kutoka na kitu.

Zile mashine za kushika chuma mkononi, kisha kompyuta inakuchapia hali ya ini, figo, mifupa na ubongo, hazina ushahidi wa kitabibu. Usizilipie.

Baada ya hayo yote daktari akaniuliza swali ambalo hakuna maabara iliyowahi kuniuliza. "Mama, umekulia wapi?" Nikamwambia Ukerewe. Tulifua ziwani, tulioga ziwani, maji ya kupikia tulichota hukohuko. Akaandika kipimo kimoja tu, cha choo, na akaagiza nipeleke zaidi ya mara moja, kwa kuwa mayai ya kichocho, ugonjwa wa minyoo wanaoingia mwilini kupitia maji kama yale ya ziwa, hayatoki kwa wingi uleule kila siku na sampuli moja inaweza kuyakosa. Yakaonekana. Nilipewa dawa yake, prazikwanteli, kulingana na uzito wangu, na maumivu ya tumbo yakapungua.

Kwa hiyo sisemi watu wa hofu tusipime. Hapa kando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo kipo, na kikiachwa miaka mingi kinaweza kuharibu ini hadi mtu akatapika damu. Mtu mwenye wasiwasi naye huugua. Ninachosema ni kwamba nilitumia fedha nyingi kwa vipimo vya kubahatisha, na kilichohitajika kilipatikana baada ya mtu kuniuliza maisha yangu.

Moyo kwenda mbio na ganzi havikuondoka na prazikwanteli. Hapo ndipo tulipozungumza habari ya hofu yenyewe. Mtu akiogopa hupumua haraka bila kujua, hewa ya ukaa kwenye damu inapungua, na vidole na midomo vinaanza kuchomachoma na kufa ganzi. Ukisikia ganzi unaogopa zaidi, unapumua haraka zaidi. Nilipoelewa hivyo sikupona palepale, lakini niliacha kuitafutia ganzi ile ugonjwa wa mishipa.

Kuna uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2013, uliokusanya majaribio 14 ya wagonjwa ambao dalili zao hazikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa ugonjwa mbaya. Ulionyesha kwamba kupimwa hakukuwapunguzia wasiwasi kwa kiasi cha maana. Niliposoma hilo nililia, kwa sababu nilikuwa nimejilaumu muda mrefu kwamba majibu mazuri hayanitoshi.

Sasa nifanyeje, utaniuliza. Tafuta daktari mmoja, wa zahanati, kituo cha afya au hospitali, mradi awe mmoja, na umrudie huyohuyo. Weka karatasi zako zote kwenye faili moja na uende nalo. Mwambie dalili, umwambie na hofu: "Daktari, mimi huogopa sana magonjwa, na nimeshapima mara nyingi." Sentensi hiyo ni ngumu kuitamka, ila inabadilisha mazungumzo yote. Akitaja kipimo, muulize kikitoka ndiyo tutafanya nini, na kikitoka hapana tutafanya nini. Kama hatua ni ileile, fedha hiyo ibaki nyumbani. Kwa sitiskani (CT scan, picha ya ndani ya mwili) uliza zaidi, kwa kuwa ina mionzi. Ile ya tumbo inakupa mionzi inayokaribia ile ambayo mtu huipata kwa mazingira ya kawaida katika miaka mitatu hivi. Ikihitajika, ipigwe. Ya kujiridhisha tu, hapana.

Yapo mambo ambayo hayasubiri wala hayahitaji kujadiliana na hofu: damu kwenye choo au kutapika damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, uvimbe kwenye titi, homa isiyoisha, kifua kubana ukitembea, upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu ghafla. Haya nenda siku hiyohiyo. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapime kifua kikuu, kipimo chake ni bure kwenye vituo vya serikali.

Na hofu yenyewe inatibika. Watu wa huku bado wanaogopa kuonana na daktari wa afya ya akili, kwa kudhani atakayeonekana pale atasemwa kuwa ni wa kupelekwa Milembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza kuna idara ya magonjwa ya akili, na wanaohudhuria ni watu wanaofanya kazi, wanalea watoto, wanaendesha biashara zao. Tiba kubwa ni ya mazungumzo, ya kujifunza kuivumilia dalili bila kukimbilia kuikagua, na wengine huongezewa dawa za kila siku. Diazepamu ya duka la dawa usijianzishie mwenyewe. Inatuliza haraka, na mwili huizoea haraka vilevile.

Kwa ninyi mnaoishi na mtu wa namna hii: msimcheke, na pia msimjibu mara kumi kwa siku kwamba yuko salama. Mume wangu siku hizi nikimwuliza kama naonekana mgonjwa ananiambia, "Swali hilo tumemwekea daktari Jumatano," kisha ananiita tutembee hadi ufukweni. Mwanzoni lilinikasirisha sana. Kwa sasa mara nyingi Jumatano inafika na swali nimeshalisahau, nisipolisahau, tunaliuliza.